Ufunguo wa Njia Moja

Reli iendayo Mpanda ni njia moja. Huachana na Reli ya Kati katika stesheni ya Kaliua, hugeukia kusini, huvuka Mto Ugalla, hupenya misitu ya miombo ambamo mizinga ya nyuki huonekana mara nyingi kuliko nyumba za watu, na baada ya kilomita 210 hukoma Mpanda. Haiendi mbele zaidi. Mtu aitazamaye katika ramani huweza kudhani kuwa mchoraji alichoka mkono kabla ya kulifikia Ziwa Tanganyika. Lakini waliojenga tawi hilo hawakulitafuta ziwa. Walitafuta risasi, si ile ya bunduki, bali madini yenyewe, ambayo baada ya Vita Kuu ya Pili yalitakiwa sana viwandani.

Kazi ilianza katika miaka ya mwisho ya 1940, na kufikia 1950 magari ya moshi yalikuwa yakifika Mpanda. Mgodi haukuishi umri wa reli yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 uchimbaji mkubwa ulikuwa umekoma, na reli iliyozaliwa kwa ajili ya mgodi ikabaki yatima, ikalelewa na abiria, mahindi, mpunga na tumbaku. Nchi ikapata uhuru. Shirika la reli la Afrika Mashariki likavunjika mwaka 1977 pamoja na jumuiya iliyolizaa. Mpanda ikawa makao makuu ya Mkoa wa Katavi ulioanzishwa mwaka 2012. Katika mageuzi yote hayo reli haikuongezeka upana. Wala hapana aibu katika jambo hilo. Tawi lenye treni chache halistahili gharama ya njia mbili, na gharama ndiyo mama wa kila ushirika wa namna hii. Watu hushiriki kitu kimoja kwa kuwa hawawezi kununua viwili. Upendo, kama huja, huja baadaye.

Njia moja huchukua treni ya kwenda na treni ya kurudi, lakini haizichukui kwa wakati mmoja. Barabarani dereva akimwona mwenzake mbele huweza kukwepa, hata kama ni kwa kuingia majanini. Relini hakuna kukwepa. Dereva wa treni nzito anapoiona taa ya treni nyingine mbele yake amekwisha kuchelewa, kwa kuwa breki zake huhitaji masafa marefu kuliko upeo wa macho yake. Kwa hiyo usalama wa njia moja hauwezi kukabidhiwa jicho, wala wepesi wa mkono, wala moyo mwema. Hakuna dereva anayetoka stesheni akitamani kumgonga mwenzake. Wote huwa watu wema, na wema wao hauzuii chochote.

Watu wa reli walijaribu kwanza kutegemea saa. Kila treni ilipewa wakati wake katika ratiba, na ratiba ikaaminiwa. Ratiba ni nzuri mpaka treni ya kwanza ichelewe. Na katika nchi ambamo mvua ya siku mbili huweza kuondoa udongo chini ya mataluma, kuchelewa si ajabu. Kisha wakategemea habari. Stesheni moja iliipelekea nyingine ujumbe kwa simu ya maandishi: leta treni yako, au ngoja kwanza. Huko Thorpe, karibu na mji wa Norwich katika Uingereza, usiku wa tarehe 10 Septemba 1874, ujumbe wa kuiita treni ya barua ulitumwa kabla ya wakati wake, na treni ya mwendo wa haraka ikaruhusiwa kutoka upande wa pili. Ujumbe ulipotakiwa kurudishwa, treni ya barua ilikuwa imekwisha kuondoka. Watu wasiopungua 25 walikufa. Habari ilikuwako, ilisafiri upesi, tena ilisafiri upesi kuliko treni zote mbili. Ila neno likishatoka halina mshiko.

Baada ya msiba ule mtu mmoja aliyeitwa Edward Tyer alibuni chombo ambacho alikipatia hataza mwaka 1878. Katika kila moja ya stesheni mbili zinazopakana kuliwekwa sanduku lenye visahani, na masanduku hayo mawili yakaunganishwa kwa umeme. Kisahani kimoja kikitolewa, masanduku yote mawili hujifunga. Hakitoki cha pili mpaka kile cha kwanza kirudishwe katika sanduku hili au lile. Dereva haingii katika kipande cha njia ila awe na kisahani cha kipande hicho mkononi mwake. Hapo ruhusa ikageuka kuwa kitu kinachoshikika. Ubora wa ubunifu huo hauko katika kutoa ruhusa, maana ruhusa ilitolewa tangu zamani. Uko katika kulazimisha kuirudisha. Masanduku ya Tyer hayakuuliza nani ana haraka, nani amebeba barua za serikali na nani amebeba mahindi. Yaliuliza swali moja tu: je, kile cha kwanza kimerudi?

Hata hivyo kilichobuniwa na akili huweza kuharibiwa na mazoea. Tarehe 26 Januari 1921, katika stesheni ndogo ya Abermule huko Wales, treni ya polepole iliingia na kisahani cha kipande cha njia ilichokuwa imetoka kukipita. Kisahani kilipita mikononi mwa zaidi ya mtumishi mmoja, na kila aliyekipokea alidhani aliyempa amekiangalia. Mwisho kilirudishwa kwa dereva yule yule aliyekileta. Jina la kipande cha njia lilikuwa limeandikwa juu yake. Lilihitaji kusomwa tu. Halikusomwa. Treni ikatoka ikiwa na ufunguo wa mlango iliokwisha kuupita, ikakutana uso kwa uso na treni ya haraka iliyokuwa na ufunguo wa haki. Watu 17 walikufa. Msomi wa mambo ya kompyuta akiisoma habari hiyo hupata baridi ya mgongo, kwa sababu huitambua. Ni habari ya programu iliyopokea jibu, ikaliweka mfukoni bila kulitazama, ikaendelea na safari.

Uhusiano huo kati ya reli na kompyuta haukubuniwa kwa ajili ya kupamba insha. Umo katika jina. Kufikia mwaka 1965 Mholanzi Edsger Dijkstra, aliyekuwa akifundisha Eindhoven, alikuwa ameandika juu ya kazi nyingi zinazoendeshwa pamoja ndani ya mashine moja na kugombea kitu kimoja. Chombo alichobuni cha kuzitawala alikiita semafori, jina la ule mkono wa ishara uliokuwa ukiinuka na kushuka juu ya mlingoti kando ya reli. Akakipa matendo mawili, akayaandika kwa herufi mbili tu, P na V, kutokana na maneno ya Kiholanzi ya kupita na kuachilia. Kabla ya kuingia, kazi hufanya P; ikiwa njia ina mwenyewe, hungoja. Ikitoka hufanya V, na mmoja wa wanaongoja huamshwa. Kufuli nyingi zinazotumika leo katika programu za mashine ni watoto au wajukuu wa semafori hiyo.

Basi na itazamwe reli ndogo kuliko zote. Ndani ya chombo cha kupimia, kiwe cha hali ya hewa, cha maji au cha umeme, aghalabu kuna kompyuta ndogo mno na chipu kadhaa zinazoizunguka: moja hupima joto, moja hutunza saa, moja hutunza kumbukumbu. Kila chipu ingeweza kupewa nyaya zake, lakini nyaya hula nafasi na fedha. Sababu ni ile ile ya Kaliua. Mwaka 1982 kampuni ya Philips ya Uholanzi ilitoa utaratibu uitwao I2C, ambao kwa huo chipu nyingi huning'inia katika nyaya mbili tu, mmoja wa kuchukua habari na mmoja wa kupiga mdundo. Waingereza huuita mfumo wa nyaya za namna hiyo kwa jina lile lile la gari la abiria, na majina yote mawili yametoka katika neno la Kilatini lenye maana ya “kwa wote”. Mswahili akilitamka husema basi, na papo hapo neno humwambia pia kuwa imetosha. Ni bahati njema ya lugha, maana kitu cha wote kisichokuwa na mahali pa kusema basi hakikai sana.

Nyaya hizo zina adabu yake. Hakuna chipu inayoruhusiwa kuusukuma waya juu. Kila moja huweza kuuvuta chini au kuuachia, na ukiachiwa na wote hupanda wenyewe kwa nguvu ya kipingamizi kilichofungwa juu yake. Kila chipu ina anwani, na anwani zinazotumika kwa kawaida ni 112. Kompyuta huita anwani, chipu yenye anwani hiyo hujibu, nyingine hunyamaza. Zikiwapo kompyuta mbili juu ya nyaya hizo na zikaanza kusema pamoja, ile iliyouachia waya ikauona umevutwa chini na mwenzake hutambua kuwa kuna mwingine, nayo hujiondoa bila kumharibia maneno. Ni adabu ya kupendeza. Lakini iko nje, baina ya mashine na mashine. Ndani ya kompyuta moja huweza kuwa na kazi tano zinazotaka nyaya, na kwa nyaya kazi zote tano ni sauti moja. Nyaya hazina njia ya kujua kuwa mdomo mmoja unasemewa na watu watano.

Hapo ndipo huja programu iitwayo dereva, na jina hilo halijapata kufaa mahali kama hapa. Dereva ni programu inayojua desturi za chipu moja: iitwe kwa anwani gani, iulizwe nini, isubiriwe kwa muda gani. Madereva wengi, njia moja. Je, nani huangalia wasigongane?

Jibu huonekana vizuri zaidi katika mfano wenye maji ndani yake. Mto Katuma hupita Sitalike, kusini ya mji wa Mpanda, ukaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi na kuendelea kuelekea Ziwa Rukwa. Wakati wa kiangazi hupungua ukawa madimbwi, na viboko hurundikana humo mgongo kwa mgongo, kila mmoja akimvumilia mwenzake kwa sababu hana pengine pa kwenda. Juu ya mto wapo wakulima wa mpunga wanaohitaji maji yale yale. Katika mashauri ya maji kila mmoja ana hoja, na kipimo ndicho shahidi asiye na shamba wala mifugo. Chombo cha kupimia kina cha mto kikiwekwa mahali kama pale, namba zake hazitakuwa mapambo. Zitatumiwa kuamua nani afungue mfereji na nani aufunge.

Basi chombo kama hicho kiwe na chipu moja iliyozamishwa majini, inayopima msukumo wa maji na joto lake pia. Ndani ya kompyuta kuna kazi mbili: ya kwanza husoma msukumo ili ipate kina, ya pili husoma joto. Kusoma kuna hatua mbili. Kwanza dereva huiambia chipu, “Nataka namba iliyo katika chumba cha msukumo.” Kisha huiambia, “Nipe.” Chipu haikumbuki nani aliyeuliza, hukumbuka chumba cha mwisho kilichotajwa. Sasa kazi ya kwanza itaje chumba cha msukumo, na kabla haijasema nipe, saa ya kompyuta iisimamishe na kuipa zamu kazi ya pili. Ya pili hutaja chumba cha joto, huchukua namba yake, huondoka. Ya kwanza huamka palepale ilipolala, wala haijui kuwa ililala, husema nipe, na hupewa joto. Joto huandikwa katika daftari kuwa ni kina cha mto.

Hapa kuna tofauti kubwa na ajali ya reli, na tofauti hiyo ni ya kuogofya. Treni zikigongana nchi nzima hujua. Namba zikigongana hakuna mlio. Kusoma kote huko, kwa mdundo wa kawaida wa biti 100,000 kwa sekunde, huchukua muda usiotimia nusu ya elfu moja ya sekunde, na nafasi ya kuingiliwa ni ufa mdogo tu katika muda huo. Chombo huweza kujaribiwa mezani juma zima kisikosee hata mara moja, kikapongezwa, kikapelekwa Sitalike, na mwezi wa tatu kikaandika namba moja ya uongo yenye sura ya kweli. Namba isiyowezekana ingetiliwa shaka; namba ya uongo inayowezekana huenda mkutanoni na kuaminiwa.

Kufuli ndiyo dawa, na waandishi wa programu karibu wote huijua. Wanapokosea zaidi ni katika kuamua kufuli ifungwe wapi. Mwanafunzi huifunga wakati wa kutaja chumba, akaifungua. Huifunga tena wakati wa kusema nipe, akaifungua. Kila hatua imelindwa, na ufa baina ya hatua umebaki wazi kama ulivyokuwa. Ni sawa na treni kurudisha kisahani katikati ya pori kisha kukiomba tena. Kinachotakiwa kulindwa ni safari nzima, tangu neno la kwanza mpaka namba ipokewe. Katika Linux, ambayo ndiyo huendesha vyombo vingi vikubwa kidogo kuliko hiki, njia ya nyaya hizi hufungwa kwa muda wa mafungu yote ya ujumbe yaliyokabidhiwa pamoja. Dereva anayetaja na kuomba katika wito mmoja hukaa salama, na anayegawa wito kuwa miwili hurudi katika ufa ule ule kwa hiari yake.

Kosa la pili ni la mlango wa nyuma. Dereva huchukua ufunguo, huita chipu, chipu haijibu. Labda maji yameingia katika kiungo cha waya. Mwandishi wa programu, kwa haraka, ameandika kuwa jibu lisipopatikana dereva aondoke na kutoa taarifa ya kosa. Dereva huondoka na ufunguo mfukoni. Tangu saa hiyo kazi zote hungoja mlangoni, hata zile zenye chipu nzima, na chombo chote hunyamaza kwa ugonjwa wa kiungo kimoja. Mtu hutumwa kutoka Mpanda kwenda kukizima na kukiwasha. Kinafufuka, naye hurudi akisema hakuona ubaya wowote. Kweli hakuuona. Ubaya ulikuwa katika mstari mmoja wa programu, kwenye njia ipitwayo siku ya taabu tu. Kwa hiyo mwandishi mwema huzihesabu njia zote za kutoka kabla ya kuisifu njia ya kuingia. Tena anayengoja hawekwi mlangoni milele. Hupewa muda, na muda ukipita aseme kuwa hakupata. Wako wanaoona ni uungwana kumpa msomaji namba ya jana pale ya leo ilipokosekana. Huo si uungwana. Ni kughushi daftari.

Kuna pia kukwamana, ambako kazi moja imeshika nyaya na kungoja kumbukumbu, na nyingine imeshika kumbukumbu na kungoja nyaya. Habari yake ni fupi: funguo zichukuliwe na wote kwa utaratibu mmoja, wa nyaya kwanza, wa kumbukumbu baadaye, na anayetaka kinyume aachilie aanze upya.

Jambo gumu zaidi ni la vyeo. Katika kompyuta hizi kazi hazilingani. Nyingine hupewa cheo cha juu ili zisicheleweshwe, nyingine hupewa masalia ya muda. Tarehe 4 Julai 1997 chombo cha Marekani kiitwacho Mars Pathfinder kilitua katika sayari ya Mihiri. Baada ya siku chache kikaanza kujizima na kujiwasha chenyewe. Wahandisi walikuwa na pacha wa chombo hicho duniani, wakamwendesha mpaka naye akaugua ugonjwa ule ule. Walichokiona ni hiki. Kazi ya kukusanya habari za hali ya hewa, yenye cheo cha chini, ilikuwa imeshika kufuli ya mahali pa kupitishia habari. Kazi kubwa ya kuiongoza njia ya habari iliihitaji kufuli hiyo, ikangoja. Na hiyo ilikuwa haki. Lakini katikati zikainuka kazi za cheo cha kati, ambazo hazikuihitaji kufuli hata kidogo, na kwa kuwa cheo chao kilizidi cha yule mdogo, zikamnyang'anya zamu. Mdogo akazuiwa kumaliza. Asipomaliza hawezi kurudisha ufunguo. Ufunguo usiporudi mkubwa hawezi kupita. Hivyo wakubwa wakangojeshwa na wa kati, kinyume cha vyeo vyote, na mlinzi wa chombo alipoona kazi kubwa haijatimizwa kwa wakati akadhani mashine imepatwa na wazimu, akaizima.

Dawa ilikuwa imo tayari katika programu, imefungwa tu. Huitwa urithi wa cheo, na Sha, Rajkumar na Lehoczky walikuwa wameifafanua katika maandishi yao ya mwaka 1990. Kazi ndogo ikiwa imeshika ufunguo unaongojwa na kazi kubwa, huazimwa cheo cha huyo mkubwa mpaka iurudishe. Ikisharudisha huvuliwa papo hapo. Wahandisi wakatuma amri angani, wakaiwasha, na ugonjwa ukakoma. Kufuli ya nyaya katika Linux, iliyotajwa juu, ni ya aina hiyo hiyo.

Wapo waionao kanuni hiyo kuwa huruma kwa wanyonge. Hasha. Ni hesabu ya mkubwa mwenyewe. Treni ya mizigo ikiwa katika kipande cha njia, na treni ya abiria inangoja stesheni, haisaidii kitu kuipigia kelele wala kuikumbusha unyonge wake. Kinachoifaa treni ya abiria ni ile ya mizigo kupewa kila msaada ifike. Hata steshenimasta asiyejua kompyuta huelewa hivyo. Ajabu ni kwamba waliotengeneza mashine walihitaji kulifikiria kwa miaka mingi, na katika ofisi nyingi bado halijafikiriwa: faili hushikwa na karani mdogo, mkuu hulingoja, na baina yao wakubwa wa kati humtuma karani chai na barua.

Wengine, hasa katika vyombo vidogo, huzikwepa kufuli kabisa. Humweka steshenimasta mmoja, yaani kazi moja pekee inayoruhusiwa kugusa nyaya. Wengine wote huandika maombi yao na kuyapanga foleni mbele yake. Utaratibu huo ni wa polepole kidogo, na foleni nayo hutaka kutunzwa, lakini akili ya mwandishi hupumzika. Kwa chombo cha mto, ambacho kina chake hakibadiliki kwa nukta, upole huo hauna hasara, na huenda ukawa chaguo bora kuliko ufundi mwingi.

Pamoja na hayo yote, ufunguo hulinda dhidi ya wawili kuingia; haulindi dhidi ya chombo kilichoshindwa kujizuia. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu katika Mkoa wa Dodoma, treni ya abiria katika Reli ya Kati ilishindwa breki ikipanda mlima, ikarudi nyuma kwa kasi mpaka ikaigonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Mbele ya msiba wa namna hiyo kanuni za kuingia na kutoka hazina la kusema. Hutakiwa kanuni nyingine, ya siku ambayo chombo chenyewe hakitii.

Nyaya mbili nazo zina siku hiyo, ingawa haiui mtu. Umeme wa jua ukiyumba, kompyuta huweza kuzimika katikati ya kusoma na kuamka upya bila kumbukumbu. Chipu haikuzimika. Ilikuwa katikati ya kutoa namba, imeuvuta waya chini ili kutamka sifuri, na inangoja mdundo wa kuendelea ambao hauji. Kufuli iko wazi, ufunguo uko mahali pake, foleni haina mtu, na njia imezibwa. Dereva asiyejua huita na kuita. Dereva anayejua huutazama kwanza waya wa habari. Akiukuta umelala, haiti mtu, bali hupiga midundo mpaka tisa katika waya wa pili, ambayo huipa chipu nafasi ya kumaliza biti nane za namba yake na ile ya tisa ya kujibiwa. Kwa kawaida waya huachiwa kabla ya mdundo wa tisa. Kisha hutoa ishara ya kusimama, na kuanza kusoma tangu mwanzo. Waya ukibaki chini hata baada ya hapo, chipu hukatiwa umeme kwa muda mfupi na kurudishiwa. Na ikiwa bado haijibu, katika daftari la Katuma huandikwa saa, na mahali pa kina huachwa wazi.